Nkambo wa Bitoyo Alikataa Sauti ya Kilio

Niseme mwenyewe mbele ya bantu bengine kusema: mu hii habari ya Nkambo wa bitoyo, muntu mwenye anaonekana mujinga ni minye. Haina yeye, haina binti yake, haina ata ile kuku yenye ilikimbia. Ni minye, taximan wa moto, ile pikipiki, klasi ya sita primere, mwenye bantu ba Panda, mutaa yetu, banasema kinywa yake haina freni. Siku moja tu hii kinywa ilipata freni, na njo siku yenye haikufaa.

Nkambo alikuwa jirani yetu, mu zile nyumba za matofari za kambi ya zamani, zenye zinafanana mupaka muntu akitoka kunywa anaweza kuingia ya jirani na kuvua viatu. Lakini ya kwake hauwezi kuikosa. Pua njo ilikuwa inakupeleka. Bitoyo, ile samaki ya chumvi, ilikuwa mu mifuko, mu mabeseni, juu ya kamba, ata mu nguo yake ya misa. Alikuwa anasema padri akimupa komunyo anafungaka pumuzi. Ni yeye alisema, haina minye.

Jina yake iko, lakini mu barabara yetu hakuna mwenye alikuwa anaitumikisha. Nkambo wa bitoyo, basi. Minye nilikuwa namuita bibi yangu, kusema muke yangu, na yeye bwana yangu. Kwetu nkambo na mujukulu ni vile: munatukanana, munaulizana mahari, munaachana asubui, munarudiana magaribi, na hakuna mwenye anakasirika. Kwa mama yako unainamisha kichwa, kwa nkambo unafungua kinywa. Na minye siko ata mujukulu yake wa damu. Alinichagua tu siku moja nilipita na moto.

"Weye taximan, uko na bibi?"

"Sina, Nkambo."

"Njo maana shati yako iko vile. Kuanzia leo uko naye. Shuka ubebe mufuko."

Nikashuka, nikabeba. Ndoa yetu ilianza na mufuko, na mifuko haikuisha.

Alikuwa na kutembea ya kwake: haraka, tumbo mbele, mikono nyuma, sawa shefu wa kambi mwenye anatafuta muntu wa kufukuza. Kuran ikikatika, anasimama pa mulango na kuangalia upande wa Koni, kule umeme inatoka, na kupiga kelele: "Ninyi ba Koni! Muko mu kilio ao mulilala?" Koni iko mbali sana, lakini kuran ikirudi alikuwa anasema bamemusikia.

Alichukia bongo, kusema uongo, kupita kila kintu. Mutoto akimudanganya juu ya mukate, anaweza kukaa juma nzima bila kumusalimia. Lakini samaki yake yote, yeye anasema, ilitoka mu maji makubwa ya Moero. Ata ile nilimubebea minye mwenyewe pa depo, pembeni ya gare ya treni. Nikamuuliza mbele ya bakiriya:

"Bibi, hii si tulikamata pale depo?"

"Na depo iliikamata wapi? Mu kisima ya mama yako?"

Bakiriya bakacheka, bakanunua. Kuuza kwake haikuwa kuuza, ilikuwa vita. Unatoa bei, anakufa kicheko. Unaongeza, anakuuliza kama ulikuya soko ao kuomba. Unatoka, anakuita: "Rudia, weye mwenye masikio ya sungura, nani alikuambia tumemaliza?" Kulikuwa bamama benye walikuwa na samaki ku nyumba, lakini walikuwa banakuya kwake juu ya kutukanwa kidogo na kurudia na nguvu. Binti yake mwenyewe aliniambia: akikaa siku mbili bila kugombana bei na muntu, anaanza kugombana na mbabula, ile jiko ya makala.

Mutoto mwenye anapita na njaa, atakula kwake, bila kuulizwa ni wa nani. Lakini sabuni alikuwa anaifungia na kifunguo. Sabuni! Nikamuuliza juu ya nini. Akasema chakula ikiibwa inaingia mu tumbo ya muntu, lakini sabuni ikiibwa mwizi anakuwa musafi kupita weye, na hiyo hawezi kuvumilia.

Bwana yake wa kweli alikufa zamani. Alikuwa anavunja mawe ku Kakontwe, anarudia magaribi mweupe mwili muzima. "Nililala na bunga ya mukate miaka yote," alikuwa anasema. Ku kilio yake, ku matanga, hakulia, bantu bakasema eko na moyo ya jiwe. Nyuma, bantu bote bamekwisha kwenda, akakamata shati ya kazi ya marehemu juu aifule. Akaikung'uta. Ile vumbi nyeupe ikatoka, ikamuingia mu pua. Njo pale alilia, akalia mupaka jirani akakuya na maji. Ile alinihadisia mara moja tu, na mara moja akaongeza: "Funga kinywa, ubebe mufuko."

Misa ya Katolike alikuwa haikose, anaimba kwa nguvu kupita kwaya na mbali na kwaya. Binti yake anasali ku kanisa ya uamsho, ile ya bamama ba vitambaa vyeupe, kule kwenye banafunga macho na kupiga makofi. Mama na mutoto walikuwa banagombana juu ya ile kila siku ya Mungu. Binti ni muntu muzuri, munisikie muzuri. Anafanya biashara ya mafuta, anaamka mapema, anapenda mama yake. Tu, kicheko inamuogopesha. Mi naingia, yeye anaweka kidole ku midomo.

Bon. Kivimbe ilikuwa mu ziwa, mu titi. Nkambo aliificha pale anafichaka feza, ndani ya kitambaa, mupaka haikuweza kujificha tena. Ku lupitalo bakasema kanseri. Bakasema inafaa aende Lubumbashi, bamukate ile ziwa, kisha bamupe dawa ya nguvu yenye banaita shimio. Na bakasema asikawie.

Barabara yetu yote ikabadilisha sauti siku ile ile. Bantu benye walikuwa banamupigia kelele tangu pa kona, sasa banafika pa mulango na kusema pole pole, sawa kuna mutoto mwenye analala. Banauliza binti: "Eko anakula?" Na yeye eko pale, mbele yao, anatafuna. Kila mama alikuwa na shangazi mwenye aligonjwa hivi hivi akakufa, na shangazi mwengine mwenye alikunywa muzizi akapona, na alikuwa anahadisia bote wawili. Na yeye Nkambo akianza tu, "Nikikufa...", bote banaruka: "Ee! Usiseme! Shetani ashindwe!" Banamufunga kinywa na Mungu.

Lakini kintu yenye ilimuumiza kupita ni soko. Bantu hawakugombana bei tena. Anatupa bei ya kwanza, ile kubwa ya kuchokoza, na bakiriya banalipa. Banalipa, banasema merci Nkambo, kuraji Nkambo, banaenda. Siku hiyo nilimurudisha na moto, mufuko iko mutupu mbele ya saa sita. Ilikuwa inafaa afurahi. Akaniambia ku mugongo: "Bwana yangu, bananinunua sawa vile banatoaka sadaka ku kanisa."

Na Lubumbashi akakataa. Akakataa muzuri kabisa. Binti akamulomba, pastere akamulomba, padri akakuya. Yeye anaangalia kando na kuuliza kama bamekula. Siku zinapita. Munganga alisema asikawie, na siku zinapita.

Njo binti akaniita pembeni. "Weye anakusikia," akasema. "Muambie. Lakini uongee na heshima, isikuwe ile mambo yenu."

Heshima! Ndugu zangu, njo pale kichwa yangu ilipotea. Nikaenda kuazima vesti kwa kaka yangu mukubwa, ile koti anavaaka ku mazishi. Nikajifunza maneno ile banasemaka bakubwa ku kilio. Nikaacha moto mbali, nikaingia na miguu, nikamusalimia na mikono miwili na kuinama.

"Nkambo yetu mupendwa," nikasema, sauti chini. "Tuko pamoja na weye mu hii saa ya magumu. Kuraji. Mungu eko na mupango."

Akaniangalia kuanzia viatu mupaka kichwa. Kisha akaangalia nyuma yangu, kama kuko bengine.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, Nkambo."

"Nkambo." Akaweka kisu yake chini, juu alikuwa anapara samaki. "Jana nilikuwa bibi. Leo niko Nkambo, na vesti. Weye pia unanizika?"

"Apana, nilikuya tu na heshima..."

"Heshima utaipeleka ku makaburi, kule habajibu. Toka mu parseli yangu, mu kiwanja yangu yote."

Nikatoka. Ile vesti ilikuwa na jua mu mugongo, nilitoka jasho mupaka kona.

Kesho yake akanitumia ujumbe: nikuye, kuna kesi. Nikafika, nikakuta bamama wawili benye banauzisha naye ku soko banakaa juu ya mabeseni ya kupindua, sura ya batribinali. Nkambo katikati yao, amejifunika kitenge.

"Huyu," akasema na kunionesha na kidole, "aliniacha mu ugonjwa. Nalomba divorse, talaka."

"Mushahidi?" akauliza mama wa kwanza.

"Alinisalimia na mikono miwili."

Bamama bakashika kichwa. "Miwili?"

"Na vesti."

"Aiii. Na vesti!"

Nikajaribu kujitetea, nikasema ni binti ndio alinituma. Bakaniambia bwana mwenye anatumwa na mutoto si bwana. Bakanikata amande, ile faini: kuku mweusi, jike, isikuwe ya kukonda, iletwe na mukosaji mwenyewe. Binti alikuwa pa mulango ya jiko, mikono mu kiuno, hapendi kabisa. "Mugonjwa hapashwe kuchekeshwa," akasema. Hakuna mwenye alimujibu.

Nikapata kuku. Nikaifunga ku moto, mbele, pa usukani. Nilikuwa fundi wa kubeba bantu watatu na godoro, lakini kuku moja ikanishinda. Pale pale pa mulango yao kamba ikafunguka, ikaruka, na ndani ya parseli kulikuwa maombi: bamama ba vitambaa vyeupe, macho ya kufunga, mikono juu, banafukuza kanseri na sauti kubwa. Kuku ikaanguka katikati yao. Mama moja akashika na macho ya kufunga, akahisi mabawa, akapiga kelele yenye haikuwa ya maombi. Bengine bakafikiri shetani ametoka kweli, bakakimbia kila muntu na upande wake, na minye nyuma ya kuku: "Pardon, Mama, iko ya amande! Pardon, iko ya divorse!"

Na juu ya kiti yake, katikati, Nkambo alikuwa anacheka. Alicheka mupaka akashika ile ziwa na mukono, kwa maumivu, na hakuacha.

Bamama benye walibaki bakaenda zao. Binti akaingia mu nyumba na kufunga mulango. Nilipokamata kuku, Nkambo akaichinja mwenyewe, akamwaga maji ya moto, akaniambia nikae ningoe manyoya pamoja naye.

"Hauna lazima ya kuniangalia," akasema. "Angalia kuku."

Tukangoa. Nyuma ya wakati akasema: "Nikikufa..."

Akangoja. Kwa mazoea tu, alikuwa anangoja bamukate neno. Na mi niwaambie kweli, nilitaka kumukata neno. Ile "usiseme" ilikuwa imekwisha kufika ku meno. Lakini nilivuta pumuzi, manyoya ikaingia mu koo, nikaanza kukohoa. Nikakohoa, nikakohoa, na yeye akaendelea kusema. Bantu bananisifu eti najua kusikiliza bagonjwa. Haina minye, ilikuwa ile manyoya.

Akasema akikufa basimuvalishe nguo ya bluu, inamufanya sawa bibi ya polisi. Akasema fasi yake ya soko apewe yule mama wa kulia, haina wa kushoto. Akasema yote ile sawa muntu mwenye anapanga bitoyo mu beseni, bila machozi. Kisha akasema ile ingine.

"Kufa, najua. Bwana yangu alikufa, dada zangu bamekufa, haiko kintu mupya. Ni kule Lubumbashi. Kule hakuna mwenye ananijua. Bataona mugonjwa tu. Mama mugonjwa wa kitanda hii, ziwa moja. Nikikufa kule, hakuna mwenye atajua nilikuwa muntu wa matusi."

Minye nikageuza kuku upande ingine.

"Bibi," nikasema, "sijue nikuambie nini."

Akainua kichwa. "Tangu banasema hii ugonjwa, hiyo njo ya kwanza ya kweli. Endelea."

"Uko na boga, unaogopa?"

"Mingi."

"Nami pia."

Tukaendelea kungoa. Kuku ilikuwa musafi kabisa, hakukubaki manyoya, lakini tuliendelea kuishika shika. Nikasema: "Basi tutaenda bote. Nitakutukana mbele ya baganga, bajue ni nani ameingia."

"Utaweza?"

"Bibi, na hii harufu yako? Ni kazi nyepesi."

Juma ile ile tukaenda, yeye, binti yake na minye. Mu bisi bantu bakafungua madirisha kwa ajili ya ile mufuko ya samaki yenye alikataa kuacha. Na ku lupitalo, mu chumba ya bamama, nikasimama pa kitanda na sauti yangu ya soko: "Bibi yangu, ata hapa unanuka! Munganga, mukate muzuri, lakini ulimi yake musiguse, ni ya kulipa deni ya matusi!" Infirmiere, ule muuguzi, akataka kunitosha inje. Nkambo akamuambia: "Muache, ni bwana yangu, aliingia bila akili lakini aliingia." Chumba ikacheka. Siku ya kurudia, mama wa kitanda ya pembeni akaniita: "Weye, hauna ndugu? Nami nalomba bwana sawa hiyo."

Musifikiri nilikuwa najua kila siku. Shimio iliondosha nywele yake, mi nikaingia na micheko juu ya kichwa yake, nikamuita yai ya Moero. Akageukia ukuta. "Leo apana," akasema. Nikakaa. Nikakaa tu, bila kusema kintu, mupaka akalala. Kuanzia siku ile, mbele ya kuvua kofia niliuliza: "Leo tutukanane ao tunyamaze?" Na alikuwa anachagua. Kuna siku alichagua kunyamaza, kuna siku alitaka nimuhadisie tu nani alianguka na moto pa ronpuwe, pale barabara zinazunguka. Niliacha pia ile neno "ukiwa na lazima ya kintu uniambie." Hakuna mugonjwa mwenye anakuitaka nyuma ya hiyo. Nilisema: "Siku ya soko nakuya kukamata mufuko." Na nilikuya. Na ku soko nilipitia bakiriya moja moja: "Mugombane bei naye. Munamuua na hiyo heshima." Wa kwanza alijaribu na boga, sauti ndogo. Nkambo akamuuliza kama eko muntu ao mbu. Magaribi ile alirudia na samaki ingine yenye haikuuzwa, na alikuwa anaimba.

Tuliendelea vile, na mvua ikapita, na mvua ingine ikaanza. Kisha ugonjwa ikarudia, upande wa mifupa. Safari hii hakuna mwenye alisema tena juu ya Lubumbashi.

Siku yenye nataka kuwaambia, alikuwa analala juu ya godoro karibu na dirisha, mudogo, kichwa ndani ya kitambaa. Mbabula ilikuwa inawaka mu jiko. Binti alikuwa anazunguka, jiko, chumba, jiko, sawa kawaida, bila kukaa. Nikavua kofia.

"Bibi, leo tutukanane ao tunyamaze?"

Akafikiri, macho ya kufunga. "Tutukanane. Lakini sina nguvu. Ujibu pia fasi yangu."

Basi nikaanza. Nikasema na sauti yangu: "Weye mama, unalala mupaka sasa, nani ananipikia?" Kisha na sauti yake, ile ya kuangalia Koni: "Nikupikie nini, weye mwenye miguu ya mbuzi, na hauleti ata chumvi?" Sauti yangu: "Chumvi iko mu ngozi yako, jikamue." Sauti yake: "Ngozi yangu haiwezi kuingia mu sahani ya masikini."

Akainua kidole moja. "Apana," akasema. "Hapo ningesema mubaya kupita."

"Ungesema nini?"

Akavuta pumuzi, akakusanya, akaniambia. Siwezi kuiandika hapa, mama yangu anasoma. Nikacheka mupaka nikaegemea ukuta, na yeye kona ya kinywa ikapanda, upande moja tu. Tukaendelea vile, minye kwa bantu bawili, yeye kwa kidole, mupaka kidole ikashuka na akalala.

Nikatoka pole pole. Mu jiko kulikuwa harufu ya bukari, ile ugali yetu, yenye inaungua. Binti akanisindikiza mupaka pa mulango ya parseli, kitambaa mu mukono, bila kuniangalia. Nilifikiri anataka kunikataza, vile siku zote.

"Minye siwezi kumutukana," akasema. "Ni mama yangu."

"Najua, dada."

"Bukari ya leo iliungua." Akafuta mikono yenye ilikuwa mikavu. "Kesho tutaweka godoro huku, upande wa jiko. Kule mulikuwa, minye ku jiko nasikiaka nusu nusu."